Kisibau Nilichompa Mwosha Maiti

Kilwa Kivinje, Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Saada,

Shikamoo yako ya asubuhi nimeipata na marahaba yangu umeipata, kwa hiyo hapa sirudii. Nakusikia uani unabishana na baba yako juu ya kamba ya kufungia sanduku. Yeye anataka ya katani, wewe unataka ya makumbi, na mimi mmeniacha chumbani na karatasi, ndivyo nilivyotaka. Nimewaambia kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nina neno, na tangu asubuhi nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu likanikwama. Mara ya kwanza tulipokuwa kisimani, mara ya pili uliponisuka, na mara ya tatu uliponiuliza, "Mama, mbona unaniangalia hivyo?" nikakujibu una masizi puani. Hukuwa na masizi.

Naandika kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani wewe na mimi, maana hizo za shule yenu sizimudu. Na ni afadhali. Huko hospitalini Lindi unakokwenda kujifunza uuguzi, wenzio wengi hawatajua kuzisoma, na hili ni neno la nyumbani.

Mambo ya kupika, kufua, kusali na kuchagua rafiki sikuandikii. Miaka kumi na minane nimekusemesha hayo mpaka sasa nikianza neno wewe unalimaliza. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya kisibau.

Unacho. Kimo ndani ya sanduku lako, juu kabisa, kimefungwa kwa shuka nyeupe. Mjomba wako Salum ametuma salamu kwamba ukienda uende nacho, maana mwanawe Athumani anaoa mwezi ujao, na wanaume wa kwetu hawaozwi bila kuvaa kisibau kilichotoka Kerimba. Utakaa kwake Mitwero, hapo karibu na Lindi, utakula chakula chake, na siku ya kwanza tu utamkabidhi kisibau mkononi. Basi jua, mwanangu. Kisibau hicho hakikutoka Kerimba. Nimekishona mimi, hapa hapa Kivinje, nimekaa juu ya mkeka huu ninaoukalia sasa.

Soma tena kama hukuamini. Mimi mwenyewe nilipomaliza kuliandika neno hilo niliinuka nikachungulia dirishani, kana kwamba kuna mtu amelisikia. Mlikuwa bado mnabishana juu ya kamba.

Hadithi unaijua, lakini nitakuhadithia kama nilivyoipokea, uone penye tundu. Bibi yangu Mwanahawa alizaliwa visiwa vya Kerimba, kusini kule kwa Mreno. Baba yake alikuwa mfumaji. Alisokota pamba, akafuma, akatia nili ya majani, kitambaa kikatoka buluu ya giza. Bibi akakikata kisibau cha mumewe, akakishona kwa mkono, akakidarizi kifuani maua kwa uzi mwekundu. Mume akafa angali kijana. Dhuluma ya Mreno ikazidi, kodi juu ya kodi na kazi za lazima, Bibi akambeba mwanawe wa miaka minne, ndiye baba yangu, wakahamia Kivinje. Waliacha kila kitu ila kisibau, alikivaa Bibi mwilini ndani ya nguo zake. Baba hakukumbuka hata uso wa babake. Alipotaka kumwona alifungua kasha.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Bibi aliniita Bi Kulikoni. Nilitaka kujua nili ni majani gani, yanachumwa lini, yanalowekwa siku ngapi, nani alimshikia babake uzi. Kila mwaka kisibau kilipoanikwa juani baada ya masika, nilikaa nacho nikakigeuza nje ndani. Nilihesabu mishono. Niligundua kwamba kifuani upande wa kushoto maua ni saba na wa kulia ni sita, nikaenda mbio kumuuliza.

"Bibi, mbona hayalingani?"

"Aliyekivaa hakuuliza," akasema.

"Labda hakuhesabu."

"Basi na wewe usihesabu. Kamata ufagio."

Sikuacha kuhesabu. Nilikijua kisibau kile kuliko nilivyojua sura yangu. Upande mmoja tu sikuuona, nao ni mgongo wa bitana, kile kitambaa cheupe cha ndani, kwa sababu kilikuwa kimeshonewa pande zote. Nilitamani sana kuuona. Bibi alikufa nikiwa na miaka kumi na miwili na hajaniruhusu kufumua hata mshono mmoja.

Sasa nakuja penye ubaya wangu, na nitausema upesi kama mtu anayemeza mwarobaini.

Baba yangu aliugua miaka miwili. Mimi ndiye niliyemgeuza kitandani, niliyemlisha uji, niliyesafisha alichochafua. Salum, ndugu yangu wa mama mwingine, alikuwa Lindi kwa mama yake, kijana wa kazi katika mashamba ya mkonge. Alikuwa akituma salamu, na mara mojamoja kanga au sukari. Siku mbili kabla ya kufa, Baba aliwaita wazee wawili wakae kitandani. Akawausia juu ya minazi yake, akausia juu ya nyumba, kisha akasema, "Kisibau apewe Salum." Halafu akafunga macho. Nilikuwa nimesimama miguuni pake na bakuli mkononi.

Usinifahamu vibaya. Sikukitaka kisibau. Tangu utotoni nilijua ni cha wanaume, nami nisingekivaa. Nilitaka kutajwa. Hata angesema, "Na huyu Fatuma amenitunza," ingenitosha mpaka leo. Hakusema, na mimi badala ya kulia nikakasirika.

Akafa Jumatatu. Salum hakufika maziko. Siku ya tatu, matanga yanaondolewa, bado hajafika. Na kwetu, unajua, nguo za marehemu hazikai ndani. Anayemwosha maiti ndiye hupewa, iwe sadaka ya marehemu na shukrani ya kazi isiyolipwa. Aliyemwosha Baba alikuwa Mzee Kibwana, mtu mpole asiye na maneno, aliyeosha nusu ya mji huu. Mzee mmoja akaniita mlangoni, "Haya, binti, toa nguo za marehemu, mwosha apewe haki yake."

Nikafungua kasha. Kulikuwa na kanzu nne, vikoi viwili, kofia, koti moja la zamani, na chini kabisa kisibau. Nilikishika. Nilikaa nacho kitambo, Saada, muda wa kutosha kabisa kufikiri. Kisha nikakikunja ndani ya kanzu ya Idi, nikaiviringa, nikafunga furushi, nikaenda nikalitia mikononi mwa Mzee Kibwana mbele ya watu. Watu wakasema, "Mungu aipokee." Nikaitika, "Amina."

Siku moja mtu akikwambia mama yako alichanganyikiwa na msiba, mkatalie. Nilijua. Nilifanya jambo la halali ili nipate kufanya jambo ovu, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kunishika. Nani atamlaumu mtu kwa kutoa sadaka?

Salum alifika kesho yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Barua ya msiba ilikuwa imemchelewa, alikuja kwa miguu na kwa gari la mkonge, amelia njia nzima. Hilo leo nalijua. Siku ile sikutaka kulijua, nilimtengea wali nikamkalia kimya. Baada ya kula akaniambia taratibu, "Dada, nimeambiwa Baba alinikumbuka kwa kisibau."

"Kipo," nikasema. "Nakutunzia mpaka utakapooa."

Uongo ulitoka kabla sijauita. Nilidhani nitafurahi nikimwona amekikosa. Kumbe hata kumwambia amekikosa sikuweza.

Miaka miwili ikapita. Ukaja ujumbe kutoka Lindi kwamba Salum anaoa, nami niende na kisibau. Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta Mzee Kibwana. Nikaambiwa hayupo Kivinje, amehamia kwa mkewe, huko Umatumbi milimani, wanalima. Nikamwambia baba yako nakwenda kumtazama somo yangu mgonjwa. Nikapanda milima siku mbili na mwanamke mmoja muuza chumvi, ambaye njia nzima alikuwa akinisimulia ugomvi wake na wakwe zake, na mimi, kwa tabia yangu, nikawa namuuliza zaidi.

Nilipofika nikaambiwa Mzee Kibwana amefariki miezi sita iliyopita. Mwosha huoshwa. Nilimkuta mkewe, Bi Zaina, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikampa pole, nikakaa kupukuchua naye, na debe likajaa kabla sijapata ujasiri.

"Bibi," nikasema, "katika nguo za baba yangu palikuwa na kisibau cha buluu."

Akanitazama, akainuka, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa msahafu. Kitambaa cha buluu ya giza, ua jekundu moja limekaa katikati. Ulikuwa umeshonwa vizuri mno. Maua mengine alikuwa ameyakata, akawashonea wajukuu kofia.

"Mume wangu hakukivaa hata siku moja," akasema. "Alisema nguo hii ni nzuri mno kwa mtu anayeshika maiti. Alipokufa nikaona heri nimtilie msahafu wake."

Akaniuliza, "Umekuja kukitaka?"

"Sijui nimekuja kufanya nini."

"Ulikitoa kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Sadaka hairudi, mwanangu. Na humu ndani mna maneno ya Mungu. Niyatoe niyaweke wapi?"

Nikalia, na Bi Zaina akaniacha nilie, akaendelea kupukuchua. Aliponiona nimenyamaza akaniuliza kama nina njaa. Ndipo nilipouliza swali ambalo mtu mwenye haya asingeliuliza.

"Bitana yake iko wapi?"

"Nimefanyia foronya."

Akanionyesha mto. Mama yako, mbele ya mjane wa watu, nikauvua mto foronya yake nikaigeuza nje ndani. Nilikuwa nimengoja tangu utoto kuuona mgongo ule. Na kwenye kona, imefifia lakini inasomeka, palikuwa na chapa ya jogoo.

Chapa ya jogoo ni ya duka la Mhindi wa hapa Kivinje, hili hili tunalonunulia uzi. Merikani yote ya dukani, hicho kitambaa cheupe cha bei rahisi, ilipigwa chapa hiyo pembeni. Na duka lile lilifunguliwa wakati wa Mdachi, Baba akiwa amekwisha kubaleghe. Basi bitana ya kisibau cha Kerimba haikutoka Kerimba.

Nilikaa na foronya ile magotini, nikasahau kwa nini nimekuja. Nikamuuliza Bi Zaina, alipokifumua, kitambaa cha buluu kilikuwa na matundu ya zamani ya sindano? Kama kulikuwa na matundu ya zamani, bitana ilibadilishwa tu. Kama hayakuwepo, kisibau chote kilishonwa hapa.

"Matundu yalikuwepo," akasema.

"Ya zamani?"

"Binti, tundu halina umri."

Niliporudi mjini nilikwenda dukani nikamuuliza mwenye duka, mtoto wa yule wa kwanza, kama babake aliwahi kuuza kitambaa cha nili. Akacheka, akasema babake aliuza kila kitu. Kwa hiyo mpaka leo sijui. Labda bitana ya kwanza ilichakaa, Bibi akaweka nyingine. Labda kisibau cha babu yangu kiliharibika njiani na maji ya chumvi. Labda hakikutoka Kerimba hata siku moja, Bibi alikuja mikono mitupu na mtoto anayelilia baba, akanunua kaniki, kile kitambaa cha buluu cha dukani, akakaa chini akamshonea baba wa kumshika. Na maua saba kwa sita? Pengine uzi ulimwishia. Nimeyapima hayo yote kwa miaka mingi wakati napika, na kila nikidhani nimepata jibu, naona lingine linafaa vilevile. Natamani angekuwa hai nimuulize, ingawa najua angenipa ufagio.

Lakini nikuambie nilichokifanya mimi, maana hicho nakijua.

Harusi ilibaki wiki tatu. Nilinunua kaniki katika duka lile lile la jogoo. Niliichemsha kwa maji ya majivu, nikaianika, nikaichemsha tena, mpaka ikapauka mahali panapopasa. Nikashona. Saada, sikuhitaji kukiona cha zamani. Mikono ilikuwa inajua. Maua saba kushoto, sita kulia, mshono wa kurudia kwenye kwapa, kipindo chembamba chini. Baba yako alidhani nashona kofia. Nilikichoma udi siku saba, nikakitia kashani na viungo. La kuvunda halina ubani, lakini mimi nilichoma tu.

Kulikuwa na kitu kimoja kimebaki. Cha zamani kilikuwa na alama shingoni, ya mafuta ya nazi aliyokuwa akipaka Baba kichwani. Nikachukua mafuta ya nazi yaliyobaki kwenye chupa yake mwenyewe, nikayapaka shingoni kwa kidole, kidogo kidogo, siku baada ya siku. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo ninalolionea haya kuliko yote. Kuongopa kwa mdomo ni jambo moja. Pale nilikaa kitako nikatengeneza jasho la marehemu.

Siku ya harusi Salum alikishika kwa mikono miwili. Kabla ya kukivaa akakileta puani, hapo hapo shingoni, akanusa. Akaanza kulia mbele ya wanaume wote. "Harufu ya Baba," akasema. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama na chetezo cha udi mkononi, nikaona moshi ni kisingizio kizuri cha macho yangu.

Ilipokwisha harusi akanirudishia. "Kaa nacho wewe, Dada," akasema. "Baba alikuwa anajua nani mtunzaji." Ndivyo nilivyotajwa, kwa kinywa cha yule niliyemdhulumu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka ishirini na miwili na bado natembea. Katika miaka hiyo Salum hakunifanyia ila wema. Baba yako alipovunjika mguu, gunia la mchele lilitoka Lindi. Ulipofaulu shule, yeye ndiye aliyekwenda kuuliza hospitalini nafasi zinapatikana vipi, yeye ndiye aliyesema hutalala kwa watu naye yupo. Kila wema wake nimeupokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeficha sindano. Sikumpenda kwa raha hata siku moja, maana nilimwogopa, na yeye anadhani dada yake ni mtu wa haya.

Na wewe ulikuja ukakua ndani ya uongo huo. Kila Idi ulitaka kukigusa. Ulikuwa na miaka saba ulipokuja mbio ukaniuliza kwa nini kushoto maua ni saba na kulia sita. Nilitaka kukukumbatia na nilitaka kukimbia. Nikakujibu kama Bibi alivyonijibu. Ulininunia mpaka magharibi, na ulikuwa na haki.

Nimejiuliza tofauti yangu na Bibi ni nini, kama kweli naye alishona cha pili. Nadhani yeye alishona ili mtoto apate kitu. Mimi nilishona ili nisijulikane. Mishono inafanana kabisa, ukiitazama huwezi kujua. Sijui kama hilo ni fundisho. Ni jambo tu nililoliona, na nakuachia ulitazame kwa macho yako.

Lingine. Ukitaka kutajwa, sema. Mimi ningemwambia Baba, "Na mimi je?" angefumbua macho akanitaja, naamini, alikuwa amechoka tu. Nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu duniani, majani ya nili, ugomvi wa muuza chumvi, foronya ya mjane, na swali moja nililolihitaji sikuliuliza. Wewe ni mimi mtupu kwa udadisi. Basi usije ukawa mimi kwa hilo.

Na kazini kwako utaosha watu, wagonjwa na pengine maiti, na ndugu watakupa vitu vya marehemu. Uliza kwanza. Uliza, "Na wengine wanajua?" Mzee Kibwana hakuniuliza, kwa adabu yake. Laiti angeuliza.

Sasa kuhusu kesho. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, nikuache uende nacho hujui kitu, umkabidhi mjomba wako, Athumani aozwe, na uongo uingie kizazi kingine kwa mkono wako msafi. Ya pili, nikwambie, kisha nikutume ukamwambie. Nilipoitazama vizuri hiyo ya pili nikaona ni furushi lile lile. Naviringa nilichokiogopa ndani ya nguo nzuri, nampa mtu mwingine abebe.

Kwa hiyo jana nilikwenda kwa dereva wa lori nikamwambia aweke nafasi mbili. Baba yako nimemwambia naenda kumsaidia shemeji yake maandalizi ya harusi. Hakuuliza, alisema tu, "Usisahau kumsalimu." Nikirudi nitamwambia yeye naye, na hilo nalo linanitisha, lakini si kwa kesho.

Nakupa barua hii uisome kabla hatujapanda, kwa sababu lori ni la kutwa nzima, na sikutaka ukae ubavuni mwangu mpaka Mitwero unanihesabu mtu mwema. Sitaki pia uniulize mbele ya abiria. Ngoja mpaka tuvuke mto Mbwemkuru, tukishuka kunyoosha miguu, ndipo uulize yote. Najua utakuwa nayo mengi.

Huenda mjomba wako akakasirika asikupokee. Hilo nimelifikiria, na ndilo linaloniumiza, kwamba kitanda chako kinategemea neno langu. Ikiwa hivyo, tutatafuta pa kulala, na nitakaa nawe Lindi mpaka upate mahali, hata kama ni kuuza vitumbua. Masomo hayaachwi. Huenda akacheka. Huenda anajua siku nyingi, yule mtu ana pua. Sijui, na nikuambie kweli yangu, mwanangu, miaka ishirini na miwili nimeuogopa uso wake atakapolisikia neno hili, na leo kwa mara ya kwanza nina hamu ya kuuona.

Tukifika nitapiga hodi mimi. Kisibau nitakitoa mimi. Salamu za kwetu unazijua, zina hali, zina watoto, zina mvua, zina shamba, mtu mwoga anaweza kujificha humo mpaka kesho. Basi wewe kaa karibu yangu. Ukiona nimefika kwenye habari za mvua na bado sijasema, nifinye.

Mama yako,
Fatuma binti Omari